Lango liko wazi, ila nani anafika? Njia nne za kuwapeleka watu hifadhini

Hifadhi nyingi za umma hazijafungwa kwa kufuli. Zimefungwa kwa kilomita thelathini za barabara isiyopita basi, na kufuli la namna hiyo mwenye gari halioni. Yeye hufika, hulipa kiingilio, huingia, na akirudi nyumbani husema kwa moyo safi kwamba hifadhi iko wazi kwa kila mtu.

Ulinganisho huu ni kwa wale wasioridhika na jibu hilo, na sasa wamekwama kwenye kuchagua: uongozi wa hifadhi, halmashauri iliyopakana nayo, kikundi cha wenyeji, chama cha watu wenye ulemavu kilichochoka kuambiwa "mwakani". Mezani huwa kuna mapendekezo manne. Tutengeneze barabara na maegesho. Tuweke basi la hifadhi. Tuvute usafiri wa umma kutoka mjini hadi langoni. Tutoe njia ya miguu na baiskeli. Kila pendekezo lina mtetezi wake na kila mtetezi amekuja na mizani yake: mhandisi anahesabu magari kwa saa, mhifadhi anahesabu mizoga kando ya barabara, mwenye nyumba ya wageni anahesabu vitanda. Asiye na gari, ambaye kikao kimeitishwa kwa jina lake, mara nyingi hayupo. Hakupata usafiri wa kufika.

Mifano mingi nitaichukua Marekani. Huko hifadhi za taifa za wanyamapori zilianza mwaka 1903, Rais Theodore Roosevelt alipokitenga kisiwa cha Pelican, Florida, kwa ajili ya ndege, na leo idadi yake imepita 570. Wamejaribu karibu kila kitu, na baadhi ya majaribio yao yana umri wa kutosha kuonyesha matokeo. Nitapita pia Kanada, Uswisi, Kenya na Tanzania.

Vipimo kwanza

Njia zote nne nitazipima kwa maswali yaleyale matano.

Nani anafika leo ambaye jana hakufika? Hili si swali la idadi ya wageni. Idadi inaweza kupanda mara mbili, wote wakiwa walewale wenye magari, wanaokuja mara nyingi zaidi. Muulizie mwanafunzi, mzee aliyeacha kuendesha, anayetumia kiti cha magurudumu, familia ambayo gari lake moja limekwenda kazini.

Wanyama na ardhi wanapata nini? Hapa kuna kugongwa, kelele, vumbi, shoroba (njia za wanyama kuhama) zinazokatwa, na mbegu za magugu zinazosafiri kwenye matairi na nyayo za viatu.

Fedha zinatoka wapi, mara ya kwanza na kila mwaka? Ya kujenga na ya kuendesha ziandikwe kwenye karatasi mbili. Ya kujenga ina mgeni rasmi na utepe wa kukatwa. Ya kuendesha haina sherehe, ila hudai kila mwezi, na mradi wa usafiri ukifa, kwa kawaida umefia kwenye karatasi hiyo ya pili.

Inakwama wapi? Kila njia ina siku yake mbaya, na ni heri uijue kabla ya kusaini.

Mwisho, inamfaa nani?

1. Barabara bora na maegesho makubwa

*Nani anafika.* Mwenye gari, kwa raha zaidi. Ila tusiwe wachoyo wa haki: wapo wengine wanaonufaika. Gari la wagonjwa, basi la shule lililokuwa likinasa kwenye tope, wenyeji wanaopitisha mazao. Na yuko mtu mwenye ulemavu ambaye gari lake mwenyewe ndilo chombo pekee kilichorekebishwa kumfaa. Huyu husahauliwa sana na sisi wapenzi wa mabasi. Siku mtakapofunga barabara kwa magari binafsi, kibali chake kiwe kimeandikwa kwenye kanuni, kisiachwe kwa huruma ya askari wa zamu.

*Wanyama na ardhi.* Lami huongeza mwendo, na mwendo ndio unaoua. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, Tanzania, barabara kuu iendayo Zambia inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na wanyama wamegongwa miaka nenda miaka rudi licha ya mabango na matuta. Serengeti mambo yalifika mahakamani: Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilizuia mpango wa kupitisha barabara ya lami kaskazini mwa hifadhi, kwenye njia ya nyumbu wanaohama.

Dawa ipo, lakini ni ya gharama. Huko Banff, Kanada, barabara kuu imezungushiwa uzio na kuwekewa vivuko vya wanyama 44, sita vikipita juu ya barabara na 38 chini yake, na ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Angalia vizuri kwamba ni uzio pamoja na vivuko. Kivuko bila uzio ni daraja ambalo mnyama hajaambiwa kwamba ni lake.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Gari linalokwenda polepole, au lililosimama, mara nyingi humsumbua mnyama kidogo kuliko mtu anayetembea. Ndege anaweza kuendelea kuvua samaki huku gari limesimama karibu. Mlango ukifunguka na mtu akashuka, anaruka. Ndiyo maana hifadhi ya J.N. "Ding" Darling, kwenye kisiwa cha Sanibel, Florida, ina barabara ya kutazamia ndege, ya kilomita sita na ushee, magari yakienda upande mmoja tu. Na kila Ijumaa huifunga, ndege wapumue. Katika yote niliyowahi kusoma kuhusu barabara za hifadhini, hiyo Ijumaa ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote.

*Fedha.* Kujenga ni ghali, kutunza ni ghali kimyakimya: mitaro, makalavati, changarawe inayosombwa na mvua kila mwaka. Maegesho nayo yanakula ardhi. Gari moja, pamoja na nafasi ya kugeuzia, linahitaji karibu mita za mraba 25 hadi 30. Magari 200 ni zaidi ya nusu hekta iliyosakafiwa, na kwa kawaida ni nusu hekta ya mahali pazuri kuliko pote, maana kila mtu anataka kuegesha karibu na mandhari.

*Inapokwama.* Sikukuu. Maegesho yanajaa saa tatu asubuhi. Mnaongeza, yanajaa saa nne. Barabara pana huita magari ambayo jana yalikuwa nyumbani. Na pale ambapo barabara ni moja, siku ikikatika, hifadhi nayo imekatika. Barabara ya Denali, Alaska, ina kilomita 148, lakini tangu Agosti 2021 imefungwa karibu na katikati, mahali panapoitwa Pretty Rocks, kwa sababu mteremko uliokuwa umeshikwa na barafu ya ardhini unaporomoka.

*Inamfaa nani.* Hifadhi kubwa ya mbali, yenye malango yaliyotawanyika na wageni wachache, ambako basi lingetembea tupu. Pia mahali ambapo barabara iliyopo ni ya hatari kiasi kwamba njia nyingine yoyote ingepita juu ya hatari hiyohiyo.

2. Basi la hifadhi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo pendekezo linalopendwa zaidi na linaloeleweka vibaya zaidi.

Zion, katika jimbo la Utah, ni bonde jembamba lenye barabara moja inayoishia ukutani. Mwaka 1997 hifadhi ilipokea wageni milioni 2.4, na magari yalikuwa yakizunguka bondeni kutafuta nafasi ambayo haipo. Mei 2000 yakaanza mabasi ya bure. Katika msimu wa mabasi, magari binafsi hayaingii kwenye barabara ya bondeni. Watu huacha magari katika mji mdogo wa Springdale au kwenye kituo cha wageni, wanapanda, wanashuka watakapo, wanapanda lijalo. Mwaka 2024 mabasi yote yakawa ya umeme wa betri. Kama ugonjwa wenu ni msongamano, tiba hii ina rekodi ya zaidi ya miaka ishirini.

*Nani anafika.* Sasa hapa ndipo panapoeleweka vibaya. Basi la Zion linaanzia Springdale, na Springdale yenyewe iko mbali na miji mikubwa. Wengi hufika huko kwa gari. Basi limemaliza foleni, halijamaliza umbali. Aliyekuwa amekosa gari la kumfikisha bondeni amekosa pia gari la kumfikisha kwenye basi.

Linganisha na Acadia, jimbo la Maine. Mabasi yao, yaitwayo Island Explorer, yalianza 1999. Hayana nauli, na hayakuishia ndani ya hifadhi: yanapita vijijini, kwenye kambi za mahema, kwenye hoteli, na hata uwanja wa ndege wa karibu. Mfanyakazi wa hoteli anaweza kulipanda kwenda kazini, mwenyeji analipanda kwenda dukani. Ruti moja inahudumia haja tatu, na ndiyo maana ina watetezi wengi wakati wa bajeti. Basi linalobeba watalii peke yao lina marafiki wa msimu.

Kwa hiyo mkiulizwa "mnataka basi?", ulizeni kwanza: linaanzia wapi?

*Wanyama na ardhi.* Vizuri sana, kwa sharti kwamba magari yanapungua kweli. Basi likiongezwa juu ya magari yaleyale, ni gari moja kubwa zaidi. Denali walielewa hilo mapema: mwaka 1972, barabara kuu mpya ilipokaribia kumwaga magari hifadhini, magari binafsi yaliwekewa mpaka wa maili 15 za mwanzo, kama kilomita 24, na ng'ambo ya hapo ni mabasi. Baadaye idadi ya safari nayo ikawekewa ukomo. Dereva akiona dubu, anasimama na wote wanaona. Msafara wa magari ishirini uliopaki ovyo kwa ajili ya dubu mmoja haupo.

*Fedha.* Tufanye hesabu kidogo. Mzunguko mzima unachukua dakika 60, mnataka basi kila dakika 15. Hayo ni mabasi manne barabarani, na moja la akiba kwa siku ya kuharibika. Zamu mbili kwa siku ni madereva wanane, ongeza wa kuwapumzisha, mmefika kumi. Fundi, mafuta au umeme, bima, mtu wa kupokea simu. Mabasi yenyewe mnaweza kupewa na mfadhili. Mishahara ya madereva kumi hapewi mtu.

Hata serikali tajiri hukata fungu. Mwaka 2005 Bunge la Marekani liliunda mfuko maalumu wa usafiri wa hifadhi na ardhi za umma, uliokuja kupewa jina la Seneta Paul Sarbanes. Sheria ya mwaka 2012 ikaufuta. Island Explorer imeendelea kwa sababu fedha zake zinachanganya mikono mingi, pamoja na kampuni ya L.L.Bean iliyoanza kuchangia 2002. Msitegemee bomba moja.

*Inapokwama.* Alfajiri na magharibi. Wanyama wengi huonekana saa hizo, na basi la kwanza huwa halijatoka au la mwisho limeshaondoka. Wapiga picha watawaambia hivyo kwa sauti kubwa. Familia yenye mahema, jiko na mtoto aliyelala nayo haina furaha. Na siku ya mvua, nje ya msimu, basi linazunguka na dereva peke yake, halafu mjumbe fulani analipiga picha na kulileta kikaoni.

*Inamfaa nani.* Barabara moja ya kuingilia, vituo vichache vinavyopendwa na wote, wageni wengi kwa miezi michache.

3. Usafiri wa umma hadi langoni

Hapa hatununui kitu kipya, tunavuta kilichopo. Ruti ya basi la mji inaongezwa vituo viwili, treni inapewa ratiba inayokutana na basi la hifadhi, kituo kinahamishwa kutoka upande wa pili wa barabara kuu.

*Nani anafika.* Kwa kipimo cha kwanza, hakuna njia inayoshinda hii pale inapowezekana. Hifadhi ya John Heinz, iliyotengwa 1972 kwenye vinamasi vya Philadelphia, karibu kabisa na uwanja wa ndege, inafikiwa kwa usafiri wa kawaida wa jiji. Minnesota Valley, iliyotengwa 1976, ina kituo cha wageni mjini Bloomington, umbali wa kutembea kutoka kituo cha reli ya mjini. Mtoto wa ghorofani anaweza kwenda kuona tai na kurudi kwa tiketi anayoendea shule. Yosemite, hifadhi ya taifa katika jimbo la California, iko mbali zaidi na miji, lakini tangu mwaka 2000 mabasi ya mkoa, YARTS, yanatoka Merced, mji wenye kituo cha treni, hadi ndani ya bonde. Uswisi wamekwenda mbali kuliko wote: hifadhi yao ya taifa, iliyoanzishwa 1914, inafikiwa kwa treni hadi Zernez, kisha basi la posta, na ukishashuka ni miguu tu, kwenye njia zilizowekwa alama.

*Wanyama na ardhi.* Ikitumia barabara zilizopo, karibu hakuna madhara mapya. Reli mpya ni habari nyingine. Reli ya kisasa ya Mombasa–Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina vituo Voi na Mtito Andei, mlangoni kabisa mwa Tsavo; lakini tuta lake limepita katikati ya nchi ya tembo, na ikabidi ziachwe njia za kupita chini.

*Fedha.* Kuanza ni nafuu. Kuendesha kunategemea ruzuku ambayo tayari ipo kwenye ruti nyingine, na hilo ni jambo jema. Gharama halisi ni ya vikao. Barabara ni ya mamlaka moja, basi ni la nyingine, lango ni la tatu, na nguzo ya kituo haina mwenyewe. Tengeni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufuatilia. Bila huyo barua zitazunguka hadi msimu uishe.

*Inapokwama.* Kipande cha mwisho. Mtu ameshuka Voi na begi lake. Wanyama wako ndani, na ndani huingii kwa miguu. Bila gari la kumpokea, treni imemleta kwenye kituo cha treni. Hata kwenye hifadhi za mjini, kilomita mbili kando ya barabara ya malori, bila njia ya waenda kwa miguu, zinatosha kumrudisha mama mwenye watoto wawili. Shida ya pili ni Jumapili: mabasi ya miji mingi hupunguzwa siku ileile ambayo watu wana nafasi ya kwenda hifadhini.

*Inamfaa nani.* Hifadhi iliyo mjini au pembeni ya mji, au iliyo kando ya njia kuu ambayo magari ya abiria yanapita tayari bila kusimama. Hao wa pili ni wengi kuliko tunavyodhani. Wakati mwingine mradi mzima ni kibanda cha kusubiria na makubaliano ya kusimama.

4. Njia ya miguu na baiskeli

*Nani anafika.* Anayeishi karibu. Njia inayotoka mtaani hadi hifadhini humfikisha mtoto, asiye na nauli, na anayependa kukimbia asubuhi. Kwa kiti cha magurudumu, mwinuko ndio unaoamua: kanuni ya Marekani inaitaka njia isizidi sentimita tano za kupanda kwa kila mita ya kwenda, na ikizidi hapo inahesabiwa kuwa rampu, yenye masharti yake. Njia ya mchanga mlegevu, hata iwe tambarare kama meza, haimfai. Acadia, mbali na mabasi, wana kilomita 72 hivi za barabara za mawe zilizojengwa na John D. Rockefeller Mdogo kati ya 1913 na 1940, gari haliruhusiwi, na hadi leo ndizo watu wanazozipenda. Karibu na Denver kuna mradi wa njia, Rocky Mountain Greenway, wa kuunganisha hifadhi za wanyamapori zilizozunguka jiji.

*Wanyama na ardhi.* Haina moshi wala kelele, lakini kumbuka nilichosema kuhusu ndege. Mtu kwa miguu anatisha kuliko gari, na mwenye mbwa anatisha zaidi. Njia isipite katikati ya mazalio. Ipite pembeni, iwe na kibanda cha kuchungulia, na ifungwe msimu wa kutaga. Mchoraji akikuletea njia inayokumbatia ziwa zima, mrudishie. Upande mmoja uachwe.

*Fedha.* Kwenye ardhi kavu, nafuu. Kwenye kinamasi, madaraja ya mbao yanapandisha bei upesi. Kuendesha ni kufyeka, kurekebisha na kuokota taka.

*Inapokwama.* Umbali, jua kali, na meno. Hell's Gate nchini Kenya watu wanaendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na ni furaha isiyo na mfano wake, lakini hiyo ni hifadhi ya aina yake. Palipo na simba na tembo wengi mjadala unaisha kabla ya kuanza.

*Inamfaa nani.* Hifadhi iliyo ndani ya kilomita tano hivi kutoka kwenye makazi, bila wanyama wa hatari.

Na tiketi za saa?

Kutakuwa na mjumbe wa kusema: tuache yote, tuweke mfumo wa kuweka nafasi mtandaoni. Muir Woods, karibu na San Francisco, wanafanya hivyo tangu Januari 2018, kwa maegesho na kwa basi pia. Acadia wanafanya hivyo tangu 2021 kwa magari yanayopanda mlima Cadillac. Inafanya kazi, foleni inapungua.

Lakini hiyo siyo njia ya kufika. Ni njia ya kugawa nafasi kwa wanaoweza kufika tayari, na inampendelea mwenye intaneti, mwenye kadi ya benki, na anayejua wiki tatu kabla kwamba Jumamosi hatakuwa kazini. Mkiitumia, wekeni fungu la tiketi za siku hiyohiyo langoni, na anayekuja kwa basi la umma asidaiwe kuweka nafasi kabisa. Hilo la mwisho ni kivutio cha basi kisichogharimu chochote.

Kwa hali yenu

Njia hizi huchanganyika, na hifadhi zilizofanikiwa karibu zote zimechanganya. Swali ni lipi litangulie.

*Wageni ni wengi mno na barabara ni moja.* Basi la hifadhi, na magari binafsi yazuiwe kweli, si kuombwa. Banff walifikia hapo mwaka 2023 walipofunga barabara ya ziwa Moraine kwa magari binafsi. Anzeni na miezi ya msongamano tu.

*Wageni ni wachache na wengi wa jirani hawajawahi kuingia.* Msijenge maegesho. Tafuteni ruti iliyo karibu na mvute, au kodini basi dogo kwa wikendi za msimu mmoja, likianzia sokoni au shuleni, si hotelini. Hesabuni waliopanda kwa mara ya kwanza. Basi la kukodi lina uzuri mmoja: likishindwa linarudishwa kwa mwenyewe. Lami hairudishwi.

*Hifadhi iko mjini.* Njia ya miguu na kituo cha basi vijengwe kwa pamoja, mkandarasi mmoja, mwaka mmoja. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ina tabia ya kuahirishwa.

*Hifadhi iko mbali, ina wanyama wakali, barabara ni mbovu.* Barabara, lakini ya kutosha tu: mitaro, makalavati, changarawe nzuri, mwendo wa chini. Kabla ya kuomba lami, pateni ramani ya shoroba na muiweke juu ya ramani ya barabara. Kisha tafuteni wenye magari ya kubeba watu kutoka mji wa karibu, mpatane nao siku na nauli, hata kama ni Jumamosi mbili kwa mwezi.

*Fedha ni ya mara moja, haina mwaka wa pili.* Msinunue mabasi. Jengeni vitu visivyolipwa mshahara: njia isiyo na ngazi, kituo chenye kivuli, daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, vivuko vya wanyama.

*Kuna ndege wanaotaga na watu wameshaanza kulalamika.* Chagueni siku moja ya wiki, fungeni barabara, muone malalamiko yatakuwa makubwa kiasi gani. Huko Sanibel waliichagua Ijumaa.

*Kikao kimekwama kabisa.* Ahirisheni kura. Wajumbe wote wakubaliane siku moja ya kwenda hifadhini bila magari yao, kila mtu kutoka mlangoni kwake, kwa njia yoyote atakayoipata, na mmoja wao atumie kiti cha magurudumu au amsukume anayekitumia. Watakaofika wakutane langoni saa nne, na muhtasari uandikwe hapohapo, ukianza na majina ya ambao hawakufika.